Maudhi au madhara? Dawa za ugonjwa wa utumbo mpana zikipimwa kwa maisha ya kila siku

Mwaka niliokuwa mgonjwa kuliko miaka yote ndio mwaka niliosifiwa sana. Nilikwenda harusini Tanga mashavu yamejaa hadi macho yamekuwa madogo, shangazi yangu akanishika kidevu: "Mwanangu, sasa umenawiri. Kumbe mji umekukubali." Sikuwa nimenawiri. Nilikuwa wiki ya sita ya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, silali, nakula kama niliyetoka kifungoni, na ndani ya begi nina suruali ya akiba. Lakini damu kwenye choo ilikuwa imekatika, na kwa hilo ningevumilia uso wa namna yoyote.

Wafamasia wa kwetu wana msemo wao: "dawa hii ina maudhi madogo madogo." Msemo huo umenisaidia kuliko maelezo mengi. Maudhi ni kile kinachokera, madhara ni kile kinachodhuru. Dawa za utumbo zina vyote viwili, ila haviendi pamoja. Dawa yenye maudhi mengi yaweza kuwa na madhara machache, na ile inayokupa raha upesi ndiyo inayokula mifupa kimyakimya. Wagonjwa tulio wengi huacha dawa kwa sababu ya maudhi na kung'ang'ania ile yenye madhara. Nimelipa ada ya kujifunza hilo, ndiyo maana nalinganisha kwa mstari huo.

Mimi nina kolaitisi ya vidonda, yaani utumbo mpana wenye uvimbe na vidonda ambavyo havikuletwa na mdudu. Ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa. Dawa nyingi ni zilezile, zinapoachana nitasema. Ila kabla ya kulinganisha chochote, hakikisha ni ugonjwa huo kweli. Amiba, kichocho cha tumbo na kifua kikuu cha utumbo huja na sura hiyohiyo. Crohn na kifua kikuu hasa hupenda kukaa mahali pamoja, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana, na hata baada ya kamera na vinyama kupelekwa maabara jibu linaweza kukawia. Ukipewa dawa ya kushusha kinga huku kifua kikuu kimo ndani, hayo si maudhi tena.

Unapima nini?

Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha dodoso la maswali 32 kwa ajili yetu. Alama zake huanzia 32 hadi 224, na kadiri zinavyopanda ndivyo mtu anavyoishi vizuri. Maswali ya tumbo ni 10. Ya moyoni, yaani hofu, hasira, aibu na kukata tamaa, ni 12. Yaliyobaki yanagusa uchovu na usingizi, kazi, safari, na tendo la ndoa. Kliniki nyingi nilizopita huuliza moja tu: "Unakwenda mara ngapi kwa siku?"

Mimi dodoso langu ni basi. Naweza kupanda basi la saa sita njiani bila kujua vyoo viko wapi? Kila dawa hapa chini nimeipima kwa swali hilo.

Salfasalazini na mesalazini

Salfasalazini ilitengenezwa Sweden mwishoni mwa miaka ya 1930 na daktari Nanna Svartz, aliyekuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi. Ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja: salfa na jamaa wa aspirini. Vikifika utumbo mpana, bakteria hufungua fundo. Jamaa wa aspirini ndiye anayetuliza vidonda. Salfa ilikuwa gari tu. Bahati mbaya maudhi mengi hutoka kwenye gari: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula. Mesalazini ni mzigo uleule bila lile gari.

Maudhi ya kwanza utakayoyaona ni mkojo wa rangi ya chungwa. Hauna ubaya wowote, lakini rifampisini ya kifua kikuu nayo hufanya vivyo hivyo, na kwenye nyumba ya kupanga yenye choo kimoja watu wana macho. Jirani yangu aliniuliza kwa upole kama "nimeanza dozi". Nilikuwa nimekonda, mkojo wa chungwa, vidonge vingi. Hadithi ilikuwa imeshajiandika yenyewe.

Madhara yake yanahitaji maswali mapema. Kama uliwahi kubabuka au kutoka malengelenge kwa SP ya malaria au Septrin, mwambie daktari kabla hujameza hata kidonge kimoja, kwa maana yote ni ukoo wa salfa. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao ni wa kawaida sehemu zenye malaria, unaweza kuifanya dawa hii ivunje chembe za damu. Humaliza pia asidi ya foliki, kwa hiyo huongezewa, hasa kwa mama anayetafuta au aliyebeba mimba.

Na wanaume, hili mimi sikuambiwa: salfasalazini hupunguza mbegu na kasi yake. Hurudi zenyewe miezi miwili au mitatu baada ya kuiacha. Mwaka mzima tulihangaika kutafuta mtoto, mke wangu ndiye akitazamwa jicho na ndugu, kumbe jawabu lilikuwa kwenye kopo langu la vidonge. Kama mnapanga mtoto, omba mesalazini.

Mesalazini kwa wengi haina la kusimulia. Kuna wachache ambao yenyewe huwazidishia kuharisha, wakadhani ugonjwa umelipuka. Ukiona hali inaharibika tangu uianze, itaje. Mara chache sana hugusa figo, ndiyo maana hupimwa kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Uzito wake uko mfukoni. Pia ina umbo la kuchomeka njia ya haja kubwa, na kwa ugonjwa uliokaa sehemu za mwisho za utumbo umbo hilo ndilo linalofanya kazi vizuri kuliko vidonge vya kumeza. Wanaume wengi hulikataa bila kulijaribu. Maudhi yake ni aibu tu, tena aibu ya dakika mbili usiku mlango umefungwa.

Uamuzi wangu kati ya hizi mbili: mesalazini, kama fedha zinaruhusu. Isipokuwa viungo navyo vinauma. Hapo salfasalazini hutibu magoti pamoja na utumbo, na rangi ya mkojo inavumilika. Kwa Crohn, mesalazini ni dhaifu. Usikae nayo miaka ukisubiri muujiza.

Prednisoloni: tamu ya kwanza

Mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walichapisha matokeo ya kotisoni kwa wagonjwa wa kolaitisi, na tangu hapo ugonjwa uliokuwa ukiua watu kwa shambulio moja ukapata breki. Prednisoloni ni mtoto wa familia hiyo. Ni rahisi, iko kila duka la dawa, na hufanya kazi kwa siku chache. Siku ya nne nilikwenda chooni mara tatu badala ya kumi na mbili. Nililia.

Halafu deni likaanza kudaiwa. Saa tisa usiku nilikuwa nasugua masufuria. Nilifokea watoto kwa mambo ya kipuuzi na kuomba radhi dakika tano baadaye. Chunusi mgongoni, uso wa mviringo, kitambi juu ya miguu myembamba. Kwa jamii yetu mwili huo unasomeka kama neema, na hapo ndipo mtego ulipo: mgonjwa anasifiwa, anajiona amepona, anaendelea kununua mwenyewe bila karatasi ya daktari. Nimekutana na watu wenye miaka mitatu hivyo.

Hayo ni maudhi. Madhara hayaonekani kwenye kioo: sukari kupanda, presha, mifupa kuwa myepesi, mtoto wa jicho. Vijidudu vilivyolala huamka, kifua kikuu kikiwa cha kwanza. Kuna pia mnyoo wa strongiloidi, unaoingia kwa kukanyaga udongo peku na kuweza kuishi mwilini miongo mingi bila kelele. Kinga ikishushwa na prednisoloni unaweza kuzaliana na kusambaa mwili mzima hadi kuua. Kwa mtu aliyekulia shamba, kumwuliza daktari kuhusu ivermektini, dawa ya minyoo, kabla ya dozi ndefu ni swali la maana kabisa. Na tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya aina hiyo, hulala usingizi kwa kuwa kazi yao imefanywa na kidonge. Ukikata ghafla, mwili unabaki mikono mitupu: udhaifu, kutapika, presha kushuka, hata kuzimia. Ndiyo maana hushushwa ngazi kwa ngazi. Mpango unaotumika sana ni kuanza miligramu 40 kwa siku na kupunguza 5 kila wiki, jumla wiki nane. Meza asubuhi na chakula. Ukimeza jioni umejinunulia mkesha.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: prednisoloni huzima moto lakini hailindi nyumba. Haina uwezo wa kukuweka salama miezi inayofuata. Ukiihitaji mara mbili ndani ya mwaka, au kila ukishuka chini ya kiwango fulani damu inarudi, usiombe dozi nyingine. Omba dawa nyingine.

Kuna budesonidi, ya ukoo huohuo, ambayo hufanya kazi ndani ya utumbo kisha ini huiharibu sehemu kubwa kabla haijazunguka mwilini. Uso husalimika zaidi, usingizi pia. Inafaa ugonjwa usio mkali sana. Ukiipata, na ukaimudu, ni bora kuanza nayo.

Azathioprini na methotreksati

Azathioprini, dawa ya kushusha kinga, ni kinyume cha prednisoloni karibu kwa kila kitu. Mwanzo wake ni mchungu na mwisho wake ni utulivu. Huchukua miezi miwili au mitatu kabla hujaona kitu, kwa hiyo huanzishwa wakati prednisoloni bado ipo. Wiki za kwanza nilikuwa na kichefuchefu cha mimba. Mke wangu alicheka, akasema angalau sasa najua. Nilipohamia kumeza usiku baada ya chakula, kikaisha.

Wachache kati ya kila 100 hupata uvimbe wa kongosho, karibu daima katika wiki za mwanzo: maumivu makali juu ya kitovu yanayochoma hadi mgongoni. Acha dawa, nenda hospitali, na usiirudie tena maishani. Hatari nyingine haina dalili hadi imefika mbali. Chembe nyeupe za damu hushuka, na kwa watu wenye maumbile fulani hushuka kwa kasi. Ndiyo sababu ya kupima FBP, yaani hesabu ya chembe za damu, na ini kila wiki au kila wiki mbili mwanzoni, kisha kila miezi mitatu kwa muda wote unaoitumia. Dawa hii hainunuliwi peke yake, inanunuliwa pamoja na maabara. Kama unaishi mahali ambapo kipimo hicho kinamaanisha safari ya siku mbili, sema hivyo waziwazi kabla haijaandikwa. Homa ukiwa nayo si ya kujitibia dukani.

Huongeza pia uwezekano wa saratani ya tezi za limfu. Kwa mtu mmoja mmoja hatari hiyo inabaki ndogo, lakini ipo. Huongeza saratani ya ngozi inayotokana na jua, na kwa mtu mwenye ualbino hilo peke yake linatosha kutafuta njia nyingine. Ukipewa alopurinoli ya gauti wakati unaitumia bila dozi kurekebishwa, uboho unaweza kusimama. Kwa upande wa uzazi, wengi huendelea nayo wakati wa ujauzito kwa usimamizi, kwa sababu ugonjwa ukilipuka tumboni mwa mjamzito ndio hatari kubwa zaidi.

Mbona basi ndiyo niliyoichagua? Kwa sababu siku ya kawaida siioni. Hakuna uso, hakuna mkesha, hakuna shangazi wa kunisifu. Kila miezi mitatu natoboa mkono, nasubiri karatasi kwa wasiwasi wa nusu siku, kisha nasahau.

Methotreksati ni ya Crohn zaidi. Kwa kolaitisi ya vidonda haijajithibitisha vya kutosha. Huchukuliwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa kudhani ni dawa kama nyingine, basi andika siku kwa kalamu nene juu ya boksi. Kesho yake huwa nzito: uchovu, kichefuchefu. Wanaoitumia huchagua usiku wa Ijumaa ili Jumamosi ndiyo ilipe. Huambatana na asidi ya foliki, haipatani na pombe kwa sababu ya ini, na Septrin juu yake inaweza kuharibu uboho. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, jibu ni hapana, au uzazi wa mpango usio na mchezo, maana huharibu mimba. Kati ya hizi mbili, kwa kijana wa kike siwezi kuona sababu ya kuanza na methotreksati.

Sindano za gharama na kidonge kipya

Infliksimabu, nayo ya kushusha kinga, iliidhinishwa Marekani kwa Crohn mwaka 1998. Ni dripu ya hospitali: siku ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya sita, kisha kila wiki nane. Kwa wale inaowakubali, hakuna dawa niliyoisikia ikisifiwa hivi kwa kurudisha maisha. Hakuna kidonge cha kukumbuka, hakuna uso wa mwezi. Maudhi ni siku nzima kwenye kiti, na wengine kutetemeka, kuwashwa au kubanwa kifua dripu ikiingia.

Madhara yake kwetu yana jina moja. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba watu 70 waliotumia dawa hii walipata kifua kikuu, nusu yao ndani ya wiki 12 hivi tangu waanze, na kwa zaidi ya nusu kilikuwa nje ya mapafu. Hao wengi walikuwa wa nchi ambazo kifua kikuu ni adimu. Kipimo cha kifua kikuu, homa ya ini B na VVU kabla ya dozi ya kwanza si urasimu.

Adalimumabu ni ndugu yake unayejichoma mwenyewe nyumbani kila wiki mbili. Uhuru mkubwa, ila inataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na wenye umeme wa mgao wanajua maana yake. Vedolizumabu hulenga kinga ya utumbo na kuuacha mwili mwingine karibu ulivyo; ni ya polepole, lakini kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, ningeitaka hiyo kwanza.

Tatizo ni fedha, na hapa nina maoni makali kidogo. Usianze infliksimabu kwa michango ya ukoo bila kujua dozi ya nne itatoka wapi. Dozi zikiruka, mwili hujifunza kuipiga vita dawa yenyewe, na ukirudi nayo baadaye huenda isifanye kazi au ikuletee mzio mbaya. Azathioprini unayoweza kuimudu miaka kumi inashinda.

Tofasitinibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa kolaitisi mwaka 2018, ni kidonge na hufanya kazi haraka. Huamsha mkanda wa jeshi na inaweza kugandisha damu, basi mvutaji sigara, mtu mzima mwenye moyo mbaya, au mjamzito aikwepe.

Jambo moja la pembeni kwa wasafiri: chanjo ya homa ya manjano ni virusi hai, na ukishaanza dawa yoyote ya kushusha kinga hairuhusiwi. Kama kazi yako ni ya kuvuka mipaka, ipate kabla, pamoja na kile kijitabu cha njano.

Kisu

Kwa Crohn, kukata ni kuondoa kipande kilichoharibika, na ugonjwa unaweza kurudi kwingine. Kwa kolaitisi ya vidonda, kutoa utumbo mpana wote ni mwisho wa ugonjwa wa utumbo. Vidonge vyake navyo vinakwisha. Swali ni choo kitatokea wapi.

Njia ya kwanza ni mfuko wa nje, ubandikwao tumboni. Maudhi: ngozi kuwashwa, sauti zisizoombwa, hofu ya kuvuja kitandani, na ununuzi wa mifuko usiokwisha. Choo ni majimaji, kwa hiyo chumvi na maji hupotea haraka; ORS hukaa kwenye begi kama simu. Waislamu huuliza kuhusu udhu, na masheikh huwaweka katika hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu: hutawadha kwa kila sala, na sala yao haina tatizo.

Njia ya pili ni mfuko wa ndani, unaoshonwa kwa utumbo mwembamba na kuunganishwa na njia ya kawaida. Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London, waliueleza mwaka 1978. Nje hakuna kitu, na kijana anayefikiria ndoa huuchagua mbio. Lakini bado utakwenda chooni mara nne hadi nane kwa siku, na pengine mara moja usiku. Karibu nusu ya watu hupata uvimbe wa mfuko huo angalau mara moja, na dawa ya antibayotiki hurudi mezani. Kwa wanawake, operesheni hiyo ndani ya nyonga huacha makovu yanayopunguza uwezekano wa kushika mimba, na nimeona hilo likitajwa baada ya saini badala ya kabla.

Rafiki yangu wa kliniki alichagua wa nje, akakataa kurudi kuunganishwa. Hubeba mifuko miwili ya akiba na pakiti za ORS, hupanda basi la alfajiri la Mwanza, na hukata kiti cha dirishani. Mimi bado nakata cha karibu na mlango.